Chati ya ukutani ya upumuaji: upande wa binadamu umenyooka, upande wa samaki una mshale uliopotea njia

Mwezi uliopita nilinunua chati ya ukutani inayolinganisha upumuaji wa samaki na wa binadamu, katika duka la vifaa vya shule lililo mtaa wa nyuma ya stendi kuu ya Moshi. Nililipa shilingi 9,000 kwa nakala moja iliyofunikwa kwa nailoni ngumu, na majuma mawili baadaye nikalipa kiasi hicho hicho kwa nakala ya pili, ingawa msomaji ataona huko mbele kwamba ununuzi huo wa pili haukutokana na kuridhika. Nafundisha sayansi katika shule ya msingi, na chati nyingi zimekwisha pita mikononi mwangu, nyingi zikiwa zimechapwa kwa pupa na kufifia rangi kabla muhula haujaisha. Hii ni tofauti. Imetengenezwa vizuri kiasi kwamba makosa yake yanauma zaidi, na hiyo ndiyo sababu ya kuiandikia tathmini ndefu kuliko inavyostahili karatasi moja. Jina la mchapishaji nitaliacha.

Kwa umbo haina mgogoro. Ina upana wa sentimeta 70 hivi na urefu wa karibu mita moja, herufi zake zinasomeka kutoka dawati la mwisho, na ina matundu manne yenye pete za chuma ili isichanike inapotundikwa. Tatizo pekee ni kwamba nailoni hung'aa. Ukiitundika mkabala na dirisha, watoto wa upande mmoja wataona mng'aro mtupu, kwa hiyo itafutiwe ukuta wenye kivuli. Upande wa kushoto yupo binadamu, upande wa kulia yupo samaki, na chini yao limewekwa jedwali la safu mbili linalotaja tofauti.

Upande wa binadamu nausifu bila kusita. Hewa inafuatwa hatua kwa hatua kutoka puani hadi kwenye koo la hewa, kisha kwenye matawi mawili yanayoingia mapafuni, mpaka kwenye vile vifuko vidogo vya hewa ambavyo vitabu vyetu huviita viribahewa, na kimoja kimekuzwa ndani ya duara ili mtoto aone kapilari, yaani mishipa midogo sana ya damu, zilivyokizingira. Pembeni kuna picha mbili ndogo za kiwambo, ule msuli mpana ulio chini ya mapafu: katika ya kwanza kiwambo kimeshuka, mbavu zimepanuka na hewa inaingia, katika ya pili kiwambo kimepanda na hewa inatoka. Aliyechora alielewa kwamba mapafu hayajivuti yenyewe, bali hufuata kifua kinavyopanuka na kusinyaa. Kilichonifurahisha zaidi ni mstari mmoja usemao kwamba hewa tunayovuta ina oksijeni asilimia 21 na ile tunayoitoa bado inayo asilimia 16 hivi. Karibu kila mtoto niliyemfundisha alikuja darasani akiamini kwamba tunavuta oksijeni tupu na kutoa hewa ya ukaa tupu, na mstari huo unaliondoa jambo hilo kwa tarakimu mbili tu. Ukitaka, unaweza kuuendeleza kwa kuwaeleza kuwa ndiyo maana pumzi ya mtu mmoja, ikipulizwa kinywani mwa aliyezirai na kuacha kupumua, inaweza bado kumfaa.

Sasa nihamie kulia, ambako nimekaa muda mrefu zaidi.

Kosa la kwanza limeandikwa kwa herufi nene chini ya picha ya samaki: kwamba samaki “hutenganisha oksijeni na maji”. Mtoto aliyekwisha kusikia kwamba maji yameundwa kwa haidrojeni na oksijeni atafikiri moja kwa moja kuwa samaki huyavunja maji yenyewe na kujichukulia sehemu yake, na wangu walifikiri hivyo hivyo. Samaki hafanyi kazi hiyo. Anachokichukua ni oksijeni ya hewa iliyoyeyuka ndani ya maji, kama sukari inavyoyeyuka ndani ya chai. Kuthibitisha hilo hakuhitaji maabara: vile viputo vidogo vinavyoganda kwenye kuta za sufuria muda mrefu kabla maji hayajaanza kutokota ni hewa iliyokuwa imeyeyuka, na inatoka kwa sababu maji ya moto hayawezi kuishika hewa kama maji ya baridi yanavyoishika. Chati ingeweka picha ya sufuria mahali pa sentensi ile, ingekuwa imefundisha jambo la kweli kwa nafasi ile ile.

Kosa la pili ni la rangi. Matamvua, yaani mashavu ambayo samaki hupumulia, yamepakwa samawati hafifu, nadhani kwa kuwa samaki ni wa majini. Siku ya somo nilipitia soko la Mbuyuni asubuhi kununua perege wawili, na nilipomuuliza muuzaji kama walikuwa wa siku ile, hakujibu kwa maneno mengi. Alikiinua kifuniko cha shavu kwa kidole gumba akasema, “Mwalimu, jionee mwenyewe, hii si damu?” Kila mnunuzi wa samaki katika mji huu anajua kwamba mashavu mekundu ni ya samaki mbichi na mashavu ya kijivu ni ya samaki aliyelala, lakini sayansi iliyomo katika ujuzi huo chati imeipita bila kuigusa. Matamvua ni mekundu kwa sababu damu hupita humo ikiwa karibu sana na uso wa ngozi nyembamba mno, ili oksijeni isiwe na safari ndefu ya kuvuka. Wekundu ndio somo lenyewe, na kupaka samawati ni kulifuta.

Niliwaweka perege hao juu ya sinia mbele ya chati, nikakata kifuniko cha upande mmoja kwa mkasi, na watoto wakahesabu matao manne, kila tao likiwa limebeba nyuzi nyekundu zilizopangika kama meno ya kitana. Hapo neno letu lenyewe lilinisaidia kuliko mchoro, kwa kuwa tamvua katika Kiswahili ni shavu la samaki na pia ni zile nyuzi zinazoning'inia kwenye pindo la nguo. Kisha tulifanya jambo ambalo ningependa kila mwenye chati hii alifanye. Tulikata tao moja tukalishika hewani, na nyuzi zote zikalala na kugandana kama nywele zilizolowa. Tukalitumbukiza katika bakuli la kioo lenye maji, zikafunguka zote na kuelea kila moja peke yake. Tangu mwanzo wa kipindi msichana mmoja alikuwa akiuliza kwa nini samaki afe nchi kavu ambako oksijeni ni nyingi kuliko majini, na chati haina jibu. Bakuli lilimjibu. Nje ya maji nyuzi hugandana, eneo la kupokea oksijeni husinyaa na kubaki sehemu ndogo tu, na samaki hukosa pumzi akiwa katikati ya hewa tele.

Swali lake linagusa udhaifu wa jedwali zima. Jedwali limepangwa kiungo kwa kiungo: pua kwa mdomo, mapafu kwa matamvua, kifua kwa kifuniko cha shavu, kana kwamba samaki ni binadamu aliyetumbukizwa majini akabadilishiwa vipuri. Hakuna mstari hata mmoja unaolinganisha hewa na maji vyenyewe, ilhali tofauti nyingine zote zinatoka hapo. Lita moja ya hewa ina mililita 210 hivi za oksijeni. Lita moja ya maji ya uvuguvugu, hata yakiwa yameshiba hewa, haina zaidi ya mililita 6 hivi. Lita hiyo ya maji ina uzito wa kilo moja, na lita ya hewa haifiki gramu moja na nusu. Sisi tunaweza kumudu kuivuta hewa ndani, kuisimamisha, na kuirudisha nje kwa njia ile ile iliyoingilia, tukiacha kila mara kiasi cha hewa ya zamani ndani ya mabomba, kwa sababu hewa ni nyepesi na utajiri wake unavumilia ubadhirifu. Mtu mzima aliyetulia huvuta karibu nusu lita kwa pumzi moja, mara 12 hadi 20 kwa dakika, na katika oksijeni aliyoivuta huchukua kama robo tu. Samaki angejaribu mtindo huo kwa kitu kizito na maskini kama maji, angemaliza nguvu zake zote katika kazi ya kupumua tu. Kwa hiyo maji yake hayarudi nyuma kamwe. Huingia kinywani vifuniko vikiwa vimefungwa, kinywa kikafumba, vifuniko vikafunguka, na maji yakatoka kwa nyuma baada ya kupita katikati ya nyuzi zile. Jodari wanaovuliwa kule pwani hata pampu hiyo hawaitegemei, bali huogelea mdomo wazi bila kukoma ili maji yajipitishe yenyewe.

Ndipo tunafika kwenye mshale.

Chati imekuza kipande cha uzi mmoja wa tamvua ndani ya duara, na wazo hilo ni zuri sana. Mshale wa buluu unaonyesha maji yakipita, na mshale mwekundu unaonyesha damu ikipita ndani ya kapilari. Mishale yote miwili imeelekezwa upande mmoja. Katika samaki halisi damu ya matamvua huenda kinyume na maji, na mpangilio huo wa mikondo kinzani ndio unaowawezesha baadhi ya samaki kuchukua hadi asilimia 80 hivi ya oksijeni iliyomo katika maji yanayopita. Ungeniuliza ni jambo gani moja mtoto alijue kuhusu pumzi ya samaki, ningetaja hilo, na chati imelichora kinyume.

Kwa kuwa maelezo matupu hayakuwaingia watoto, tulitumia maharage. Watoto watano walikuwa “maji”, kila mmoja akiwa na punje 40. Watano wengine walikuwa “damu”, wakiwa mikono mitupu. Kanuni ilikuwa moja: wawili wakikutana, hujumlisha punje zao na kugawana sawa, na ikibaki punje moja ya ziada inakuwa ya maji. Kwanza tulifuata chati. Kila mtoto wa damu alitembea sambamba na mtoto mmoja wa maji kuelekea upande mmoja. Waligawana mara moja, 20 kwa 20, na tangu hapo hakuna aliyekuwa na cha kumpa mwenziwe hata wangetembea mpaka Himo. Damu ilipata punje 100 kati ya 200. Kisha tukazipanga safu mbili zipishane, kila mtoto wa damu akutane kwa zamu na watoto wote watano wa maji. Wa kwanza alianza na 20, akapanda hadi 30, 35, 37, akamaliza na 38, kwa sababu kila hatua alikutana na mtu mwenye punje nyingi kuliko zake. Wa mwisho, aliyekutana na watu waliokwisha kunyang'anywa na wenzake, hata yeye aliondoka na 20. Tulipojumlisha, damu ilikuwa na punje 149. Watoto ni wale wale, maharage ni yale yale, kanuni haikubadilika. Kilichobadilika ni upande wa kutembea tu. Nashauri anayenunua chati hii anunue na nusu kilo ya maharage.

Sehemu nyingine za jedwali nitazipitia upesi. Mstari wa moyo ni sahihi: wa samaki una vyumba viwili na damu huupitia mara moja katika kila mzunguko, wa kwetu una vyumba vinne na damu huupitia mara mbili. Mstari usemao kwamba wanyama waishio majini hupumua kwa matamvua haufai kuachwa kama ulivyo, maana pomboo, kiboko, mamba na kasa wote huja juu kuvuta hewa kwa mapafu. Hata miongoni mwa samaki wenyewe yupo kambale, ambaye juu ya matamvua yake ana kiungo kingine chenye matawi cha kupokelea oksijeni ya hewa, na watoto wa kwangu wanaotoka Kahe walinieleza, bila chati yoyote, jinsi anavyohama usiku kwenye majani mabichi kutoka mfereji mmoja hadi mwingine. Kamongo wa Ziwa Victoria ana mapafu kabisa. Aidha, chati haisemi kwamba matamvua yana kazi zaidi ya kupumua, kwa kuwa sehemu kubwa ya amonia, ambayo ni taka ya mwili wa samaki, hutolewa nje hapo, na hapo pia huratibiwa chumvi za damu yake. Mapafu yetu hayakupewa kazi hizo. Figo ndizo zilizozibeba.

Pengo moja nalitaja kwa sababu lilijitokeza lenyewe darasani. Chati inasema tunavuta pumzi “mwili unapohitaji oksijeni”. Wavulana wawili wakashindana kubana pumzi, na mshindi alipoachia, nikawaeleza kwamba kilichomlazimisha kuachia ni hasa hewa ya ukaa iliyokuwa ikilundikana katika damu yake, kwa kuwa ubongo wa binadamu huipima hiyo kwanza. Kwa samaki hali ni kinyume. Hewa ya ukaa huyeyuka upesi ndani ya maji na kumtoka bila taabu, kwa hiyo kasi ya vifuniko vyake hufuata zaidi uhaba wa oksijeni. Ulinganisho huo ungetosha mstari mmoja wa jedwali na ungekuwa na manufaa kuliko ule unaotukumbusha kwamba samaki ana magamba na binadamu ana ngozi, jambo ambalo sijui liliingiaje katika chati ya upumuaji.

Mtu anayefundisha chini ya Kilimanjaro atatamani pia mlima uwepo. Mtoto mmoja, ambaye baba yake ni miongoni mwa wagumu, kama wapagazi wa mlimani wanavyoitwa hapa, alitaka kujua kama huko juu oksijeni ni asilimia ngapi. Ni 21 ile ile. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa, ambao kwenye kilele cha Uhuru, mita 5,895, unabaki karibu nusu ya ule wa pwani, na kwa sababu hiyo kila pumzi hubeba oksijeni chache. Maji nayo huyeyusha hewa kwa kadiri inavyogandamizwa juu yake, basi bwawa la huku kwetu, likiwa na joto sawa na bwawa la Tanga, lina oksijeni pungufu kidogo. Simlaumu mchapishaji kwa hili, kwani chati ni ya nchi nzima. Naliweka hapa kwa walimu wenzangu wa Moshi na Arusha.

Kuhusu huduma ya duka, nililipeleka suala la mshale kwa mwenye duka, mzee mpole anayefunga kila kitu kwa gazeti hata usipomwomba. Alivaa miwani, akaikagua chati kwa makini kuanzia juu hadi chini, akasema, “Mwalimu wangu, mimi nauza karatasi. Hao samaki waulize waliowachora.” Hata hivyo aliandika namba ya ukurasa wa orodha yake na kuahidi kumweleza wakala anayemletea mzigo, nami namwamini. Hakukubali kuibadilisha, na kwa haki hakupaswa, kwa kuwa chati nyingine zote alizokuwa nazo zilikuwa na mshale huo huo.

Je, inunuliwe? Kwa upande wa binadamu, ndiyo, na kwa shilingi 9,000 sijaona mchoro wa kiwambo ulio bora kuliko huu katika maduka ya mjini. Kwa upande wa samaki, inunuliwe na mwalimu aliye tayari kuisahihisha kabla haijafika ukutani, wala isinunuliwe na mzazi anayetaka kuitundika chumbani ili mtoto ajisomee peke yake, kwa sababu atakariri mshale ule na kuutoa kwenye mtihani kwa kujiamini. Anayesahihisha aepuke njia yangu ya kwanza. Nilijaribu kuukwangua mshale mwekundu kwa wembe, nailoni ikachanika, unyevu ukaingia na samaki akavimba tumbo mpaka akafanana na bunju. Hiyo ndiyo nakala ya kwanza, na ndiyo iliyonirudisha dukani. Nakala ya pili iko ukutani tangu wiki iliyopita. Mshale wake nimeufunika kwa kipande cha solotepu nyekundu ya mafundi umeme, nikakichonga ncha kwa mkasi na kukigeuza kielekee kinyume na ule wa buluu, na hadi leo hakijabanduka.